Mkono Kwanza, Mguu Baadaye

Somoe mwanangu,

Kama unasoma karatasi hii, basi umeingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Ahsante, mama. Nimekulea vizuri. Na kama umeingiza mguu kwanza, karatasi ikakukwaruza vidole ndiyo ukaitoa, isome hivyo hivyo, lakini ujue bado una ugonjwa wa baba yako.

Wewe umeshalala. Nakusikia unakoroma, na ukiamka utakataa. Mama yako naye amelala, au anajifanya. Nimeishi na huyu mwanamke tangu nina nywele na mpaka leo sijajua kutofautisha. Mimi nipo hapa jikoni, gongo langu la kutembelea nimelilaza chini ya meza, naandika. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliyosoma ilitosha kuandika bei kwenye soli ya kiatu, ikaishia hapo. Ukikuta neno limepinda linyooshe mwenyewe, wewe ndiye uliyekwenda chuo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala soksi, wala dawa ya tumbo. Mama yako amekusomea hayo wiki nzima mpaka na mimi nimeyashika, ningekuwa na mguu wa pili ningekwenda badala yako. Nakuandikia kwa sababu ya lile swali la mezani. Uliniuliza, sikukujibu.

Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, umeniwekea mimi kipande kikubwa cha samaki kama vile mimi ndiye ninayesafiri. Ukauliza, "Baba, kidole umekiona leo?"

"Nimekiona. Kimeniamkia."

"Baba."

"Kimesema shikamoo, nikasema marahaba. Kina adabu kuliko wewe."

Mama yako akasema, "Baba Somoe, acha."

Ukaweka tonge chini. Ukasema taratibu, ile sauti yako ya kazini, "Daktari amesema kikatwe wiki hii, kabla ugonjwa haujapanda juu. Mimi kesho naondoka. Nataka unijibu hapa, mama akisikia. Utakwenda au huendi? Ukisema huendi, na mimi siendi. Asubuhi nitawapigia simu watafute mtu mwingine."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Wakiuchukua na mguu huu, duka la viatu nalifunga. Nitauza kofia."

Hakucheka mtu. Ulinawa mikono ukaingia chumbani. Mama yako akakusanya sahani, hata yangu, nilikuwa sijamaliza, wala hakuniangalia usoni.

Sasa mdomo wangu ndio ulivyo, Somoe. Ukiufungua unatoka mzaha, kama bomba lenye kutu, maji ya kwanza lazima yawe machafu. Kalamu ni nzito, inakwenda pole pole, haina mtu wa kumchekesha. Ngoja nijaribu kwa kalamu.

Siku uliyoniambia kuhusu safari hii nilikuwa kibandani kwangu sokoni, nasugua raba. Ulikuja unahema.

"Baba, nimechaguliwa kwenda kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Kutembea kwa miguu. Skotilandi, huko milimani, wiki na wiki, tunalala kwenye mahema."

"Mabasi yao yamegoma?"

"Tunatembea makusudi, baba. Watu wanatuchangia. Kila mtembeaji ana watu wake wanaomchangia, na hela yote inakuja kujenga karakana ya miguu ya bandia huku kwetu Lindi. Wametaka na mtu mmoja kutoka huku awe nao, wakanichagua mimi."

"Yaani mzungu akikuona unatembea, anatoa hela?"

"Ndiyo."

"Na mimi niliyetembea umri wangu wote, walikuwa wanatazama wapi hawa?"

Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya kibanda. Mama Mwajuma wa maandazi akacheka, vijana wa bodaboda wakacheka. Wakasema, Mzee Saizi bwana, haishiwi. Ulipoondoka nikafunga kibanda mapema, nikasema nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikwenda nikakaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa naona aibu, mwanangu, na aibu yenyewe sikuijua jina. Mtoto wangu anakwenda kuchoka kwenye mvua ya watu, kwa sababu mimi nilikuwa mjinga wa mguu mmoja.

Unakumbuka wale watu wa matembezi yenu waliokuja kupiga picha? Yule kijana mwenye kamera akanikalisha mlangoni, suruali ikakunjwa kigutu kionekane, akaniambia nitazame mbali na nisicheke. Nikatazama mbali. Mbali kulikuwa na mbuzi wa jirani anakula kanga ya mama yako. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tukarudia, nikacheka. Tukarudia, nikacheka. Mwisho ukaninong'oneza, "Baba, hata dakika moja huwezi kukaa na huzuni yako?" Yule kijana akaondoka na picha yangu meno yote nje, na ndiyo hiyo mnakwenda kuwaonyesha watu, kwamba huyu hapa ndiye mnamsaidia. Watadhani nimekatwa mguu kwenye harusi.

Lile neno lako nilikaa nalo. Sikulijibu pia. Nina deni kubwa la majibu kwako.

Nikuambie nilivyokuwa natembea. Unaijua nusu ya hadithi, ile ya kuchekesha. Mimi Mmachinga kwa kabila na machinga kwa kazi, hata kijiwe sikuwa nacho. Nilikuwa nafunga viatu kwa kamba zake, pea na pea, navivaa shingoni na mabegani mpaka sionekani, watoto wananikimbia. Nangurukuru, Tingi siku ya gulio, Mitole watu wakishauza ufuta. Kote kwa miguu. Na ulikuwepo ujanja wangu, mwenyewe nikijiona profesa. Pea moja kati ya zile za kuuza naivaa. Mzigo unapungua mabegani, kiatu kigumu kinalainika, na mteja anakiona kikitembea. Anasema nataka hicho, navua, nampa, narudi na kandambili. Wenzangu wote waliniiga.

Na kila mteja nilimpa sheria moja: kiatu cha mtumba, mkono kwanza, mguu baadaye. Kinatoka mbali kile, hujui kimebeba nini. Msumari, kipande cha chupa, nge. Nilikufundisha na wewe ulipokuwa huwezi hata kufunga kamba. Ulikuwa unaingiza mkono wote mpaka kwenye kwapa.

Sukari nilikuwa nimeshaambiwa ninayo. Yule muuguzi alinieleza vizuri sana, kula hiki, acha kile, kagua miguu kila jioni. Nikamwambia mtu mtamu kama mimi lazima awe na sukari. Wagonjwa wote kwenye benchi wakacheka, na yeye akacheka kidogo, na mimi nikatoka nimeridhika kama vile nimetibiwa.

Miguu ikaanza ganzi. Mwanzo vidole, halafu unyayo. Nikafurahi! Kweli kabisa, nilifurahi. Njia ya Tingi ilikuwa inanichosha, sasa haichoshi. Nilikuwa nawaambia vijana, nyie mnalia lia, mimi miguu yangu imeshakomaa, haisikii kitu. Niliona nimepewa zawadi.

Siku hiyo nilichelewa kuamka. Nikaokota pea ya kuvaa, buti za kahawia, nzuri kabisa, nikatia miguu nikaondoka. Mkono sikuingiza. Sheria yangu mwenyewe. Nimefika Tingi nimeshapiga kelele, nimeshachekesha gulio zima, mzee mmoja akazipenda zile buti nilizovaa. Nikaketi nivue. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikagoma. Nikaivuta, ikatoka na mlio wa kama mtu anatoa mguu kwenye tope. Yule mzee akasogea nyuma.

"Saizi, hiyo ni nini?"

Msumari ulikuwa umetokeza kwenye soli kama jino. Nilikuwa nimetembea nao asubuhi nzima. Sikusikia chochote, Somoe. Kiatu kimejaa damu na mimi naimba.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Rangi inachuja, mzee, nitakupunguzia." Wakacheka. Nikasuuza kiatu, nikauponda msumari kwa jiwe, nikakiuza.

Yaliyofuata unayajua zaidi yangu. Nilikuwa nafungua vidonge vya rangi mbili namwaga unga kwenye kidonda, navaa soksi, juu yake kiatu. Harufu ilipoanza nikasema ni dagaa wa jirani. Mama yako nilimwambia usiniguse miguu, nina mtekenyo. Wewe ulikuwa chuo, unapiga simu kila Ijumaa.

"Baba, hujambo?"

"Mzima kama kigingi."

"Mama ananiambia unachechemea."

"Mama yako ananionea wivu mwendo wangu."

Halafu ukaja likizo. Ulisimama mlangoni na begi bado liko kichwani, ukanusa. Hukusema shikamoo. Uliweka begi, ukapiga magoti, ukaivua soksi pole pole, na ngozi ikatoka nayo. Mimi nilikuwa natafuta la kusema. Wewe hukulia. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo, kwamba hukulia. Ulisema tu, "Mama, mletee baba shati safi, tunakwenda hospitali."

Walisema vidole viwili. Nikaomba wiki moja, nimalize msimu wa ufuta. Wiki niliyojiombea ndiyo iliyopanda mpaka chini ya goti.

Nimesikia ukimwambia mama yako juzi, mkifikiri nimelala, kwamba ungerudi mapema siku zile ningekuwa na miguu miwili. Kwa hiyo hiki ndicho kimekufanya uende ukajifunze kazi ya miguu ya bandia badala ya ile uliyoanza kusomea, na hiki ndicho kinakupeleka ukatembee milima ya watu. Somoe, sikia. Nilikudanganya kwenye simu. Mtu aliyedanganywa hana kosa la kutojua. Ukienda huko utembee kwa sababu kuna watu Lindi nzima wanaburuza makalio chini wakisubiri mguu. Utembee kwa ajili yao. Ukitembea kulipia wiki yangu ya ufuta, hutafika. Hiyo njia haina mwisho, nimeipita.

Sasa nikuambie la Mzee Mbonde, ndipo nijibu swali lako.

Mbonde wa Mitole unamkumbuka, mtani wangu, yule Mmatumbi aliyegongwa na bodaboda akakatwa mguu wa kushoto. Siku ya kwanza alikuja kibandani kwangu anaruka na gongo, mimi nimekaa tu, mguu wangu uko chini ya meza hauonekani.

"Mmachinga, unauza kimoja kimoja?"

"Nyie Wamatumbi ndiyo maana hamwendelei. Umeona wapi pea inagawanywa?"

"Sasa hicho kingine nikavalishe kichuguu?"

Nikautazama mguu wake. Unanijua, mguu nikiutazama mara moja namba naipata. Saizi yangu kabisa. Nikasimama, nikatoka nyuma ya meza. Alipokiona kigutu changu, cha kulia, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukashikana pale mpaka tukaanguka wote wawili, maana watu wawili wana miguu miwili na wote wanacheka, nani amshike mwenzake? Tangu siku hiyo kila pea tuligawana. Cha kulia chake, cha kushoto changu. Tuligombana rangi. Yeye anapenda vilivyochongoka mbele kama vya msanii, na mimi ilibidi nivae hivyo hivyo, mzee mzima.

Mara ya mwisho kuja, alivua kiatu anipe nimwangalizie soli. Nikasikia ile harufu. Mimi ningekosaje kuijua? Kisigino kimeoza. Akaniambia wamemwambia ukatwe, amekataa. "Mtani, nilizaliwa na miwili. Mmoja umetangulia, huu naondoka nao."

Na mimi nikacheka, nikamgongea mkono. Nikasema, "Wewe dume."

Hili hulijui. Mimi niliyekuwa namjua yule mdudu kwa harufu, mtu pekee ambaye angeweza kumwambia Mbonde nenda na akasikia, nilimgongea mkono. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa imechekesha. Hapakuwa na sababu nyingine.

Msibani kwake Mitole unajua tulikwenda mimi na mama yako. Hujui kilichotokea ndani. Mtani kwenye msiba ana kazi yake. Analala mlangoni maiti asitoke, anamwambia marehemu acha uvivu amka ukalime, wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka, ndiyo wanapumua. Walikuwa wananisubiri mimi. Kabla sijakaa, mwanawe Kizito akaja.

"Baba mtani, tunataka avae kiatu. Mama amesema umvishe wewe."

Nilikuwa nimekwenda na pea mpya, nyeusi, imechongoka kama alivyopenda. Changu nimevaa, chake nimekishika. Nikaingia. Nikaketi chini pale miguuni pake. Kiatu kikagoma kuingia. Mguu umevimba. Nikasukuma, nikalegeza kamba zote, nikajaribu na kijiko nyuma ya kisigino. Mimi Saizi. Sijawahi kukosea mguu wa mtu, na huyu ndiye niliyegawana naye. Mwisho nikaomba kisu. Nikakichana kwa nyuma, kiatu kipya, nikamvisha hivyo, nikafunika na shuka wasione watoto wake.

Nilipotoka nje watu wakaanza, "Haya Saizi, sema basi! Mtani, mfungie njia!" Nikasimama na gongo langu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Bibi mmoja akasema, "Mtani kaishiwa," wakasubiri kidogo, halafu wakambeba. Walimzika bila utani, kama mtu asiye na mtu.

Nikarudi nyumbani hapa Masoko nimevaa kile kingine. Kigumu, kipya, sikukilainisha. Lengelenge lilikuja kwa njia ile, kwenye kidole kidogo, wala sikulisikia. Ni wewe uliyeliona ulipokuja kunitazama. Ndiyo hiki kidole unachokiosha kila jioni na ndicho ulichoniulizia mezani. Pea moja hiyo, Somoe. Nusu iko chini Mitole na nusu iko hapa chini ya meza karibu na gongo, naiona.

Sasa nikuambie kwa nini sikujibu. Nikisema sitaki, utabaki. Ulisema mwenyewe, ungepiga simu asubuhi. Na mimi nilitaka ubaki. Nilipokutazama unaniwekea samaki nilitaka hivyo kwa nguvu sana. Naogopa ule mlango wa chumba cha kukatia, nitalala pale na wewe uko kwenye mvua ya Skotilandi, na nisipoamka utaambiwa na simu, kwenye kilima, kati ya watu ambao hawajui hata kulia kwetu kukoje. Nilikuwa na neno moja tu la kukuzuia na lilikuwa mdomoni tayari. Nikaona nikisema ndiyo nitakuwa nimejipeleka, nikisema hapana nitakuwa nimekuibia. Nikasema kofia.

Mambo mawili matatu nakuomba huko, halafu nakuacha ulale.

Mguu ukiuma, shukuru Mungu. Kweli. Watakaokuwa na wewe watakuambia jikaze, usisikilize maumivu, na wewe ni mtoto wangu, utataka kuwachekesha na kuwaonyesha ngangari. Usifanye hivyo. Mguu unaouma ni mguu ulio hai unaongea na mwenye mguu. Kaa chini, vua kiatu, tazama. Wakikupita wapite. Na ukishindwa katikati, rudi. Nitakuja kukupokea kama umemaliza, na atakayeuliza nitamjibu mimi, kwa kujibu watu wa nje niko vizuri.

Picha yangu ukiwaonyesha, usiwaambie mimi ni shujaa, na usiwaambie mimi ni maskini. Waambie huyu ni muuza viatu, alikuwa anatembea sana. Inatosha.

Na ukipiga simu, nikikuambia mzima kama kigingi, usicheke. Sema, "Baba, mpe mama simu." Nimeshamwambia mama yako moyoni, asubuhi nitamwambia kwa mdomo. Yeye ndiye atakayekuambia ukweli. Mimi najaribu, lakini usinitegemee haraka hivyo, nimezoea vibaya.

Ukiona nimekuudhi katika maisha haya, na nimekuudhi, nisamehe kabla hujapanda ndege. Mimi sina la kukusamehe. Radhi yangu unayo yote, ya kwenda na ya kurudi, sijabakiza hata kidogo. Asubuhi mama yako atakupitisha chini ya msahafu pale mlangoni. Uiname vizuri, wewe mrefu, usije ukaugonga kwa kichwa ukatuletea mkosi. Mimi nitasema amin kwa sauti, sitasema lingine.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Nakwenda kukatwa.

Sisubiri wiki iishe. Nakwenda hiyo hiyo asubuhi. Tutapanda gari moja na wewe mpaka Nangurukuru, pale wewe utashika njia ya Dar, sisi tutashika ya Lindi. Shangazi yako wa kule Mitwero nitampigia njiani, tutafikia kwake, kesho yake hospitali. Wakisema kidole, kidole. Wakisema zaidi ya kidole, sitaomba wiki. Ukisikia nimeomba hata siku moja, rudi na ndege ile ile unizabe kofi, nimekuruhusu.

Nilikuwa nimepanga nikufanyie mshangao, niamke kabla yenu nifunge begi langu mwenyewe, mama yako akiamka anikute tayari. Nikanyanyuka sasa hivi kwenda kulitafuta. Silioni uvunguni, silioni juu ya kabati. Nimelikuta nyuma ya mlango wa mbele, limefungwa kila kitu. Shuka mbili, kikombe changu, kadi ya hospitali, shati lile safi. Limekaa hapo tangu lini sijui. Na pembeni yake mama yako ameweka kandambili moja, ya kushoto.

Kwa hiyo ukitoka chumbani utakuta mabegi mawili mlangoni. Kubwa ni lako.

Baba yako,
Saizi